Nzuri, Ila

Safu ya nyuma,
Tarehe 4 Machi

Kwako Bi Maswali,

Salamu zako nimeziweka juu ya kabati. Utazichukua siku utakayonijibu kama mtu aliyelelewa.

Karatasi yako imefika. Nesi ameibandika ukutani pale zahanati, kando ya ile picha ya mbu, akasema hii ndiyo taarifa ya yule binti aliyekaa kwetu miezi minne na kidude cha kunasa sauti, ameileta tuisome wenyewe kabla haijawa kitabu. Nikasema hilo ni jambo la adabu. Nikajisifu, mjinga mimi: "Mnaona? Huyo ni mjukuu wangu wa kuokota." Watu wakajaa. Nesi akataka kusoma, nikamwambia kaa kando, mimi nimefika darasa la tatu na kidole changu hakijasahau njia. Nikasoma kwa sauti. Nilipofika mstari wa sita nikatamani kidole kikatike.

Umeandika: "Wakazi wa safu ya nyuma wanaeleza kwamba hali yao ya maji ni nzuri. Mhojiwa wa 17 (mwanamke mzee, dobi) alipoulizwa kuhusu maji alijibu: Nzuri."

Kwanza, mzee ni nani?

Pili, uliniapia hutanitaja popote, nitakuwa namba tu. Safu nzima hii dobi wako wangapi? Bora ungeandika jina la marehemu baba yangu, ingekuwa siri zaidi.

Na la tatu ndilo linaloniuma. Mimi niseme maji ni mazuri? Mimi ninayepanda zile ngazi za matairi na ndoo tupu, nikangoja bombani kwa watu wa safu ya mbele mpaka waone huruma, nikashuka na ndoo imejaa, safari nane siku ya mashuka? Ulihesabu mwenyewe. Ulibeba mbili ukalala kutwa ukilia mgongo.

Sasa mke wa fundi cherehani ananiita Bibi Nzuri. Nikipita: "Bibi Nzuri, habari za maji?" Na wote kicheko. Nacheka nao, lakini najua kicheko chenye meno. Nesi anasema ofisi ya maji inaleta mabomba mawili, kikao cha kuamua ni tarehe 30 Aprili, na karatasi yako ndiyo watakayoiangalia. Moja sokoni, moja safu ya mbele. Nyuma hawana shida, wamesema wenyewe kwa mdomo wa dobi.

Siku ulipokuja hakuna aliyekufungulia. Mwuza mkaa aliuliza, "Huyu si wa kutuhamisha?" Nani alisema, "Huyu ni wangu, fungueni"? Basi wewe hawakukasirikii, uko mbali. Aliyefungua mlango ndiye anayedaiwa ya aliyebisha hodi.

Nijibu. Usipige simu. Simu ni ndugu yake kile kidude, inakata watu maneno. Karatasi haikati.

Mimi mzima.

Bibi,
dobi wa safu ya nyuma, namba yako 17

*

Chuoni,
Tarehe 12 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo. Naiacha hapa mlangoni hata kama marahaba bado iko juu ya kabati.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa chini. Kisha nikajifungia chumbani nikasikiliza sauti zote za safu ya nyuma, nyumba ishirini na tatu, neno kwa neno. Siku tatu. Nataka nikueleze nilichokikuta, halafu unigombeze ukiwa unajua.

Karatasi ya maswali niliyopewa chuoni, swali la nne lilisema: "Eleza hali ya upatikanaji wa maji katika makazi yako." Niliona haya kumuuliza mtu wa umri wako kama polisi. Nikalilainisha. Nikawa nauliza, "Na habari za maji, Bibi?" Nilijiona nina busara sana. Nawe ukajibu kama anavyojibu kila mtu aliyesalimiwa: nzuri. Mtu wetu ukimkuta nyumba inaungua ukamuuliza habari, atasema nzuri kwanza, ndipo aombe ndoo.

Betri yangu ilikuwa dhaifu, na tulifundishwa kwamba salamu na maongezi ya pembeni hayanaswi. Nikishasikia jibu, nabonyeza. Bibi, kwenye sauti yako unasema hivi: "Nzuri, i". Halafu kimya. Nimeirudia labda mara ishirini. "Nzuri, i". Ilikuwa ila. Ulikuwa unasema ila, nikakufunga mdomo kwa kidole. Nyumba kumi na moja ziko hivyo hivyo. Zile nyingine niliwahi zaidi, hata hiyo "i" sikuwaachia.

Na mimi nimezaliwa ndani ya lugha hii. Asubuhi aliyofariki baba, jirani alimuuliza mama habari za kuamka. Mama akasema, "Nzuri, ila tumefiwa." Nilikuwa nimeshika sketi yake, nikasikia. Nilijua, Bibi, kabla sijajua kusoma. Nimesoma mpaka nikasahau.

Taarifa ilikwishapelekwa ofisi ya maji. Naweza kuirekebisha kabla ya kikao, lakini sharti niwe na maneno ya watu wenyewe, si kumbukumbu zangu. Mimi kwa sasa siwezi kuja, kazi za hapa zimenibana kidogo. Nimtume mwenzangu mmoja wa darasani? Ni mpole.

Nisamehe kwa neno "mzee". Nisamehe na kwa neno "dobi". Hilo la pili ndilo kosa kubwa zaidi, nilikuahidi.

Hapa kwema.

Mjukuu wako,
Bi Maswali

*

Safu ya nyuma,
Tarehe 20 Machi

Bi Maswali,

Marahaba. Hiyo ni moja tu, nyingine bado ziko kabatini.

Usitume mtu. Akija mpole mwingine na kidude, watammwagia maji ya sabuni, na beseni nitawaazima mimi.

Barua yako nimeisoma mara mbili peke yangu na mara ya tatu kwa sauti kibarazani kwa fundi cherehani, makusudi, wasikie. Nilipofika kwa mama yako, mke wa fundi akaacha kucheka. Mzee Redio, yule jirani yake wa kutengeneza redio, akasema kutoka dirishani kwake, "Yaani huyu binti ameandika mwenyewe kwamba amekosea?" Nikamwambia ndiyo, kwa kalamu. Akasema, "Wamepita wengi hapa na makaratasi. Sijapata kuona aliyerudi."

Unakumbuka siku yako ya kwanza kwangu? Uliniambia utanisaidia ili tuzungumze. Ukachukua mashuka ya nyumba ya wageni, meupe pee, ukayatia beseni moja na shati jekundu la fundi. Mashuka yakatoka kama fizi. Nilikutukana mpaka nikakauka koo, lakini nilikufukuza? Tulisuuza, tukaanika, tukasuuza tena, na kesho yake wageni wakalalia meupe. Doa bichi hutoka. Doa likishapigwa pasi, hata malaika wakusaidie, halitoki.

Hili lako bado bichi. Tarehe 30 ndiyo pasi.

Nitazunguka mwenyewe. Nina lile daftari la nguo za watu, kurasa za nyuma ni safi. Wewe kaa huko usome, lakini usisome mno, umeona madhara yake.

Mimi mzima.

Bibi

*

Safu ya nyuma,
Tarehe 2 Aprili

Bi Maswali,

Usiulize kwa nini mwandiko umelala. Kalamu ni ya bure, ya zahanati.

Nimemaliza. Kazi yako ni ngumu kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nikikuona umekaa kwenye vigoda vya watu ukitikisa kichwa, nikasema huyu analipwa kwa kukaa. Nikuombe radhi hapo.

Mimi sikuuliza habari. Nilisimama mlangoni nikasema, "Nzuri tulishampa mtoto wa watu. Nimekuja kuchukua ila."

Nilianza kwa mke wa fundi kwa sababu ndiye mwenye mdomo. "Karibu Bibi Nzuri!" Nikamwambia, "Nicheke mpaka ushibe, halafu useme." Akacheka. Akachoka. Akasema: ila kila asubuhi anaitazama ndoo moja na kuchagua, nimwogeshe mtoto au nipike. Akasema kwa sauti ile ile ya mzaha. Nikaandika. Akaniuliza, "Umeandika kweli?" Nikamwonyesha. Hajui kusoma, lakini aliushika ule ukurasa muda mrefu.

Mwuza mkaa akasema: ila watu wanadhani weusi wake ni wa kuzaliwa. "Bibi, mimi mweupe! Waulize walionizaa. Hii ni maji tu yamekosekana." Tulicheka wawili mpaka akakohoa. Halafu akasema wenzake wa sokoni hawampi mkono.

Mzee Redio akaanza kama kawaida yake: "Na sasa habari kamili." Nikamwambia, mzee mwenzangu, sema kama mtu. Akazima redio zote. Kumbe zilikuwa tatu. Akasema magoti yamekataa ngazi tangu mwaka juzi, analetewa ndoo moja kwa siku mbili, anaoga kwa kikombe, na ndiyo maana hatembelei mtu. Mwaka wa pili huu mimi namsema vibaya kwamba ameota majivuno, hata msiba wa jirani hakuja. Kumbe anaona haya harufu yake. Nimeandika hilo nikatoka bila kuaga vizuri.

Kinyozi alisema, "Nzuri," akakunja mikono. Nikamwambia taja ila. "Sina." Basi nikakaa kizingitini kwake nikanyamaza. Hii ndiyo sehemu ya kazi ambayo wewe hukuijua: ukinyamaza kidogo tu, ila inapanda yenyewe juu, kama povu. Alinyoa vichwa viwili mimi nimekaa. Wateja walipotoka akasema wembe anausuuza kwenye maji yale yale tangu asubuhi, na watu wameota vipele, na akisema atakosa wateja. Sasa sikiliza: kwenye kitabu usiandike kinyozi. Andika "mwanamume mmoja". Kinyozi kwetu ni mmoja. Unaona ninavyojifunza?

Wengine wote wamo humu kwenye daftari, nimelichana kurasa nimekutumia, kila mtu na namba yake ile ile uliyompa. Niliwauliza namba zao, kila mmoja anaikumbuka. Wewe ulidhani ni namba tu.

Na jambo moja nikuambie kabla sijasahau. Miaka yote hii tunaishi ukuta kwa ukuta tukijibizana nzuri, nzuri. Nimezijua ila za majirani zangu kwa sababu ya kosa lako. Basi ahsante kwa kosa. Usilirudie.

Mimi mzima.

Bibi

*

Chuoni,
Tarehe 9 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

Kurasa zimefika zote. Nimezinakili, na za kwako nimezifungia kwenye sanduku na vyeti vyangu. Walimu wangu wana vitabu vizima kuhusu namna ya kumuuliza mtu swali. Hakuna hata kimoja kilichoniambia nikae kizingitini ninyamaze wakati vichwa viwili vinanyolewa.

Kinyozi sitamtaja. Nimeandika "mwanamume mmoja, mwenye kazi ya mikono".

Nimehesabu, Bibi. Nyumba ni ishirini na tatu. Ila ulizonitumia ni ishirini na mbili. Nimepanga namba sakafuni: 15, 16, 18. Kumi na saba haipo.

Na jambo lingine. Barua yako ya tarehe 4 na ile ya 20, herufi zimesimama wima kama wewe. Barua ya tarehe 2 zote zimelala upande mmoja, na wino umeburuzwa kama umefutwa na mkono uliokuwa ukipita juu yake. Mwandiko wa namna hiyo nimewahi kuuona, kwa rafiki yangu anayetumia mkono wa kushoto. Kalamu ya zahanati haina uwezo huo.

Mwanzoni nilitaka kuandika "Habari za mkono, Bibi?" Nikafuta. Najua ungejibu nini.

Kwa hiyo mimi nami nimekaa kizingitini kwako, nimenyamaza. Siondoki. Ila yako ni ipi?

Hapa kwema.

Mjukuu wako,
Bi Maswali

*

Safu ya nyuma,
Tarehe 16 Aprili

We mtoto,

Una macho mabaya. Nilikufundisha kazi, umenigeuzia mimi mwenyewe.

Haya. Nzuri, ila nilianguka. Siku nne baada ya ile barua ya doa. Nilikuwa nimezungukia nyumba tatu asubuhi, nikachelewa, mashuka yananingoja, nikabeba ndoo mbili kwa haraka nishuke. Tairi la tano kutoka chini liko legelege, kila mtu analijua, mimi ndiye ninayewaonya wengine. Nilianguka kama gunia. Mkono wa kulia umevunjika hapa kwenye kifundo, pale pa kuvalia saa. Nesi ameufunga na kipande cha mbao.

Sikukuambia kwa sababu ungesema umenivunja wewe. Hukunivunja. Kabla yako nilikuwa nikibeba, na baada yako ningebeba. Nimevunjwa na maji ya mbali. Hiyo ndiyo ila ya namba 17, iandike hivyo hivyo.

Unajua nililala pale chini nikifikiria nini? Nilifikiria maji yaliyomwagika. Ndoo mbili nzima! Mfupa umevunjika mimi nalia maji.

Nyumba tatu za kwanza nilikuwa nimeziandika kwa mkono wa kulia. Kumi na tisa nimeziandika kwa kushoto. Mwalimu wangu wa darasa la pili alikuwa akinichapa nikishika kalamu kushoto. Huko aliko ajue nimemshinda.

Nguo je? Ndiyo hapo. Nilisema sasa kazi imekwisha, mashuka watampa mwingine. Kesho yake naamka nasikia maji yanamwagika uani. Natoka, namkuta mke wa fundi amekaa kwenye kigoda changu, ameloweka. "Usinitazame hivyo, Bibi Nzuri, niambie tu sabuni kiasi gani." Mwuza mkaa akataka kusaidia, tukamwambia hapana, wewe kaa mbali na nyeupe, beba ndoo. Na anabeba. Kinyozi anaanika, mrefu yule, kamba inamfika kifuani. Mzee Redio analeta redio moja, anakaa, anatoa amri. Ameoga, nimeona. Mwuza mkaa humpelekea ndoo yake kwanza.

Nilikuwa sijazoea kukaa nikitendewa. Nawagombeza kutwa nzima ili wasione macho yangu. Sasa wamenibadilishia jina, mimi ni Bibi Ila.

Mimi nimemaliza. Sasa zamu yako. Umeniandikia barua mbili, na zote mbili mwisho "hapa kwema". Umesema "kazi zimenibana kidogo". Mtu aliyetembea kwa miguu kwenye matope miezi minne hazuiliwi na kazi kidogo. Mficha uchi hazai. Toa ila.

Bibi

*

Chuoni,
Tarehe 23 Aprili

Bibi,

Nimelia, nikacheka kwa mwuza mkaa kukaa mbali na nyeupe, nikalia tena. Naandika ulivyoniagiza: umevunjwa na maji ya mbali. Maneno yako, bila kuongeza.

Hapa kwema, ila.

Ila nilipomwambia msimamizi wangu kwamba taarifa ina kosa, alisema mambo mawili yanawezekana. Ninyamaze, nihitimu mwezi wa sita na wenzangu. Au nikiri, na tasnifu nzima irudi mwanzo ikaguliwe upya, mwaka mzima. Kwa kuwa imekwishatumwa ofisi ya maji, hakuna njia ya katikati. Hakunigombeza. Alisema tu, "Fikiri vizuri, ni neno moja."

Niliandika barua ya kukiri siku ile ile niliyomaliza kusikiliza sauti zenu, kabla sijakujibu. Kwa hiyo sihitimu. Ufadhili umesimama, nafundisha watoto wa watu masomo ya jioni, na ndiyo maana sikuweza kuja. Mama yangu hajui, ameshashona nguo ya sherehe. Nawe sikukuambia kwa sababu ungesema umeniharibia wewe.

Unaona tunavyofanana?

Ofisi ya maji wamekubali nizungumze tarehe 30. Dakika kumi. Nitaenda ofisini kwao kwa basi la asubuhi, nirudi usiku huo huo kwa ajili ya masomo. Wamesema wazi: kikao kikipita, mabomba hayahamishwi.

Sina ninachokiamini zaidi ya kurasa zako. Lakini ukweli ni kwamba ukurasa wa 17 nikiusoma mbele ya watu, kila mtu atajua ni wewe, maana dobi ni mmoja, na safari hii dobi aliyevunjika mkono. Nilishakuvunjia ahadi mara moja. Sitaivunja tena bila wewe kuniambia. Ukisema niufiche, nitaufunga na nitasimama na ishirini na mbili.

Mjukuu wako

*

Safu ya nyuma,
Tarehe 27 Aprili

Kwa mkono wa nesi, naye anakwenda kikaoni.

Soma. Soma yote. Waambie ni dobi, waambie na jina langu kamili, nesi atakutajia, namba nimechoka nazo. Waambie na umri, wala usipunguze.

Wakikuambia dakika zimekwisha katikati ya neno langu, uwaambie ulishanikata mara moja na ulijuta.

Mama yako mwambie wewe kabla hajaambiwa na jirani. Nguo ya sherehe haiozi. Mimi nguo nazijua.

Bibi

*

Safu ya nyuma,
Tarehe 19 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba, na ile ya kwanza kabisa iliyokuja na karatasi, marahaba. Kabati sasa ni tupu.

Barua zako mbili za mwezi wa tano nimezipata. Sikujibu kwa sababu nilitaka nijibu nikiwa na kitu mkononi, na mkono wenyewe ulikuwa bado kwenye mbao. Sasa umefunguliwa. Umepona ukiwa umepinda kidogo, kama mpini wa zamani, lakini unakamua. Naandika na huo wa kulia. Tazama herufi zilivyosimama.

Nesi alinisimulia kikao, nikamfanya arudie mara nne, mara ya nne mbele ya watu. Alisema ulisimama na karatasi zote mkononi. Ukasema, "Kosa ni langu, hawa walijibu salamu." Ukawachezea ile sauti yangu. "Nzuri, i." Kimya. Ukaicheza tena. Mwenyekiti wa kikao, yule mkubwa wao, akasema, kifaa kimeharibika? Ukasema hapana, kifaa kizima, aliyeharibika ni mimi. Halafu ukaanza kusoma, na dakika kumi zikapita, na mtu mmoja akagonga saa yake, na yule mkubwa akamzuia kwa mkono. Nesi anasema ulipofika kwenye ndoo mbili zilizomwagika yule mkubwa alivua miwani. Ukamaliza ila yangu. Yeye aliuliza tu, "Kuna ila nyingine?" Ukamwambia ndiyo, ziko ishirini na mbili. Akasema, soma.

Mafundi walikuja wiki mbili zilizopita. Safu ya mbele walinuna kidogo kwa bomba lao kuletwa kwetu, na haki yao. Tukawaambia ninyi mna la zamani, na tukawapelekea chai mafundi wote pamoja na walionuna. Bomba limesimama chini ya ngazi, hatua tisa kutoka mlangoni kwangu, nimepima kwa miguu yangu na siyo kwa ya kinyozi. Lile tairi la tano wamelitoa. Kinyozi ameomba alichukue, analikalia akinyoa.

Siku maji yalipofunguliwa nilikaa kizingitini nikawatazama. Mke wa fundi alimwogesha mtoto pale pale mbele za watu, kwa ubadhirifu, mtoto analia hataki. Mwuza mkaa alinawa uso, akapita nyumba kwa nyumba akitaka tuthibitishe. Ni mweupe kweli, mwongo hakuwa. Mzee Redio alikuja kunisalimia tu, bila kisingizio cha mashuka, mara ya kwanza tangu mwaka juzi, amevaa shati lililopigwa pasi. "Habari zako, Bibi Ila?" Nikamwambia kaa, usinisumbue.

Sasa nisikilize, maana sirudii. Mimi si mtu wa kushukuru. Nilipokuwa msichana niliambiwa shukrani ni kuosha sahani ya aliyekulisha na kuirudisha haina doa, na ndivyo nilivyoishi. Wewe ulikosa, ukarudi, ukalipa kwa mwaka wako. Huo mwaka siwezi kukurudishia. Lakini lile daftari langu la nguo nimelinunulia jalada jipya, na ukurasa wa kwanza nimeandika jina lako kamili, sio Bi Maswali, na chini yake nimeandika: huyu tulimwambia nzuri, akarudi kutuuliza tena. Nikifa mke wa fundi atalichukua. Anajifunza kusoma. Ameshafika herufi ya m na ananichosha.

Mama yako ameniandikia. Hukujua, eh? Ulimpa anwani ya nesi, naye akaitumia. Anasema alikugombeza siku moja na siku ya pili akapika. Anasema nguo ameitundika nyuma ya mlango na haiguswi mpaka mwakani. Nimemjibu ailete kwangu kwanza niifue, hata kama ni mpya. Sherehe haivaliwi nguo yenye vumbi la kitambaa cha dukani.

Umeuliza kwenye barua zote mbili, habari za maji. Umeuliza kwa adabu, ukaacha nafasi kubwa chini ya swali, nimeiona hiyo nafasi. Haya, nikujibu, wala usibonyeze chochote.

Nzuri, ila bomba limefika kabla yako. Huoni haya?

Bibi yako